Mkono Hupita Mshazari

Anayefunga mkanda wa usalama garini huuvuta toka juu ya bega na kuushusha hadi nyonga ya upande wa pili. Mkono hukatiza kifua mshazari, na bega na kigasha huzunguka pamoja. Juu ya ukweli huo daktari Herman Kabat wa Marekani alijenga, katika miaka ya 1940, tiba ya viungo kwa waliopooza kwa polio na maradhi ya neva. Akiwa na Margaret Knott, aliacha kuzoeza msuli mmoja mmoja, akazoeza mwendo mzima. Mwaka 1956 Knott na Dorothy Voss wakaiandikia tiba hiyo kitabu. Katika mwendo mmojawapo, ngumi ya mgonjwa huanzia kwenye nyonga ya upande wa pili, dole gumba likielekea chini. Mtaalamu hushika mgongo wa kiganja, huvuta misuli kidogo na kwa ghafla, kisha huamuru kwa maneno mafupi: “Fungua! Inua!” Mkono hupanda ukifunguka hadi juu ya kichwa, naye huupinga kwa kiasi tu cha kuuamsha, kamwe si cha kuuzuia.

Kabat aliegemea utafiti wa Charles Sherrington, mshindi wa Nobel wa 1932, kuhusu uti wa mgongo: msuli unapokazwa, mpinzani wake hulegezwa, na nguvu ya misuli imara huenea kwa iliyo dhaifu. Maelezo hayo hayakustahimili vipimo vyote. Katika mbinu ya kukaza msuli kisha kuulegeza ili uvutike zaidi, vipimo vya umeme havionyeshi msuli ukinyamaza kama nadharia ilivyodai. Inaelekea mtu huongeza tu uvumilivu wa kuvutwa. Pigo zito zaidi lilitoka kwenye mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya 2014: tafiti 96 na washiriki 10,401 waliopata kiharusi, ambao nao hupewa tiba hii, na hakuna mtindo wowote wa tiba ya viungo ulioshinda mingine.

Je, basi mikono ya mtaalamu haina kazi? Sikubali. Kutoshinda si kutofaa, na mazoezi ya kazi halisi, kama kushika kikombe, yana sharti lake la kuingia. Jaribio la Marekani la 2006, lenye wagonjwa 222 wa kiharusi, baadhi yao wakilazimishwa kutumia mkono ulioathirika, lilipokea wale tu waliokwisha kuweza kuinua kiasi kifundo cha mkono na vidole. Asiyeweza hata hicho kidogo hawezi kuambiwa afanye mazoezi ya kushika kikombe. Hapo ndipo mguso, mvuto na amri fupi vinapostahili kujaribiwa, ili apate mwendo wa kwanza wa kuufanyia kazi. Hatari ni mtaalamu kung’ang’ania mkono ambao umeshaanza kupanda. Vidole vikifunguka vyenyewe, aachie, aweke kikombe kwenye rafu upande ule ule wa mshazari, na mgonjwa akifuate mara nyingi, siku nyingi za wiki.