Maradhi Asumbi, tiba ng'ambo: Nani ataileta?

JE, msomaji, umewahi kumwona mtoto akilia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, ilhali hana jeraha lolote? Fika Asumbi, katika kaunti ya Homa Bay, na utapata wazazi wanaoyajua mateso hayo. Ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli.

Si chira wala kurogwa. Ni kosa dogo katika jeni, yaani maagizo ya mwili tunayorithi kwa baba na mama. Chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa jeni hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Mbona ukanda wa ziwa? Mwaka 1949, Anthony Allison, mtafiti aliyelelewa humu Kenya, alipima damu ya watu wa sehemu mbalimbali. Alipata wabebaji wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini wachache mno nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: anayebeba jeni moja tu hukingwa na malaria kali. Ngao ya mzazi hugeuka kuwa mkuki kwa mwana.

Sasa tiba ya jeni ipo. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha ile iitwayo Casgevy, na Marekani ikafuata Desemba. Seli mama za damu ya mgonjwa mwenyewe hutolewa na kupelekwa maabara. Huko jeni moja hukatwa kwa ustadi ili mwili urudie kutengeneza hemoglobini ya utotoni, ileile inayomkinga mtoto mchanga miezi yake ya kwanza. Kisha uboho wa mgonjwa huondolewa kwa dawa kali, na seli zilizorekebishwa hurudishwa mwilini.

Bei yake Marekani? Dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi milioni 280, kabla ya gharama za hospitali. Hata kijiji kizima kikiuza ng'ombe wake wote, hakitafika hapo.

Hapa ndipo wewe mwanafunzi unapoingia. Wanaotafuta njia rahisi zaidi ni pamoja na watu waitwao watafiti wa baada ya uzamifu. Hawa wamekwisha kupata shahada ya juu kabisa, lakini bado hawana maabara zao. Hufanya kazi chini ya profesa, wakijifunza kusimama peke yao. Swali moja linalowakesha ni hili: je, jeni inaweza kurekebishwa kwa sindano, ndani ya mwili, bila dawa kali wala kulazwa kwa wiki nyingi? Likijibiwa, hata hospitali ya kaunti huenda ikaiweza tiba hiyo.

Usidhani ni kazi ya starehe. Mkataba aghalabu ni wa miaka michache, na mshahara hutegemea fedha za wafadhili. Seli hulishwa na kutunzwa katika joto la nyuzi 37, nazo hazijui Jumapili wala Krismasi. Kuona iwapo seli mama zimekua vyema huchukua kama wiki mbili. Viini vya uchafu vikiingia, unaanza upya.

Safari nayo ni ndefu. Anza na biolojia, kemia na hisabati. Kisha shahada ya kwanza, uzamili na uzamifu: miaka kumi hivi. Lakini utafiti si wa Wazungu pekee. KEMRI ina kituo Kisumu, si mbali na Asumbi.

Nawe mzazi, usikae ukingoja. Mpime mtoto mapema. Utafiti uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na kutangazwa kwa matokeo yake Desemba 2018, ulionyesha kuwa dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu, malaria na vifo. Muulize daktari wako.

Mtoto anayelia usiku wa leo hawezi kungoja miaka kumi. Yeye apewe dawa iliyopo. Lakini mdogo wake ambaye hajazaliwa bado anakungoja wewe, uliye darasani leo.