Pikapu Kuukuu za Marekani na Kazi ya Kuzifufua

Pikapu ni gari la mizigo lenye kibanda cha dereva mbele na bodi ya wazi nyuma, nayo nchini Marekani ilizaliwa ikiwa chombo cha kazi ambacho hakuna aliyetazamia kuwa siku moja kingepambwa na kuhifadhiwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkulima aliyehitaji gari la namna hiyo mara nyingi alinunua chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba injini na magurudumu, kisha akamtafuta fundi wa kumjengea sehemu ya mizigo. Lakini Aprili 1925 kampuni ya Ford ilianza kuuza Model T iliyofungwa bodi ya mizigo kiwandani, kwa bei ya dola 281, na desturi hiyo ikaenea. Tangu hapo magari hayo yalibeba mbolea, maziwa, magogo na mifugo, yakalala nje penye mvua na theluji, yakafungwa kwa waya na vipande vya bati pale vipuri vilipokosekana, na yalipochoka yakasukumwa nyuma ya ghala na kusahauliwa. Yaliyosalia hadi leo, kwa sehemu kubwa, yalisalia kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuyatupa.

Asili hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kazi ya kuyafufua ni rahisi upande mmoja na ngumu upande wa pili. Kwa kuwa wanunuzi wake wengi waliishi mbali na gereji, injini na mitambo yake ilipangwa iweze kufunguliwa kwa spana chache na kutengenezwa uani, na hadi leo inatengenezeka hivyo. Bati lake, kinyume chake, halikuundwa lidumu miaka 70. Mnunuzi anayesikiliza mlio wa injini na kusahau kuinama atazame chini ya sakafu huwa amechunguza sehemu rahisi, akaiacha ile itakayommalizia fedha.

Mfano unaofaa kutazamwa kwa karibu ni Chevrolet za mtindo ulioitwa Advance-Design, zilizoanza kuuzwa katikati ya mwaka 1947 na kukoma mapema mwaka 1955. Serikali ya Marekani ilikuwa imesimamisha utengenezaji wa magari ya kiraia mwaka 1942 ili viwanda vihudumie vita, kwa hiyo amani iliporejea mashamba na maduka yalikuwa na kiu kubwa ya magari ya mizigo, na Chevrolet ikawahi kuleta umbo jipya lenye boneti ya mviringo, kibanda kipana na taa zilizozama ndani ya madigadi. Ford ilijibu kwa F-1 ya mwaka 1948, chimbuko la ukoo wa F-Series unaouzwa mpaka sasa, na Dodge ilikuwa imekwisha kuingiza sokoni Power Wagon ya mwaka 1946, iliyotokana na malori ya kijeshi. Hata hivyo, kwa anayeanza, Chevrolet hizo zina faida isiyo ndogo: karibu kila kipuri chake, kuanzia mpira wa mlango hadi bodi nzima ya nyuma, hutengenezwa upya na kuuzwa Marekani, ilhali mwenye Studebaker au International hulazimika kuzunguka viwanja vya magari mabovu akiwinda kitasa kimoja.

Aina iliyopendwa zaidi ilipewa namba 3100 na kuitwa ya nusu tani, jina lililotokana na uzito uliokusudiwa kubebwa, pauni 1,000 au takriban kilo 450, ingawa ni wakulima wachache walioheshimu kiwango hicho. Mwaka wa kutengenezwa husomeka katika sura ya gari: wavu wa mbele una vyuma vitano vya kulala hadi mwaka 1953 na hubadilika mwaka 1954, kioo cha mbele kina vipande viwili hadi mwaka 1953, kisha huwa kimoja, madirisha madogo ya pembetatu milangoni yaliingia mwaka 1951 na vitasa vya kubonyeza mwaka 1952, na tangi la petroli lilihamishiwa ndani ya kibanda, nyuma ya kiti, mwaka 1949, uamuzi ambao leo usingepitishwa na mhandisi yeyote. Gari linapokutwa na mlango wa mwaka mmoja na wavu wa mwaka mwingine, hilo peke yake si ushahidi wa ulaghai, kwa sababu mlango ulichukuliwa popote ulipopatikana. Linalohitaji uangalifu zaidi ni hati, kwani baadhi ya majimbo yalisajili magari kwa namba ya injini, na injini ikishabadilishwa namba iliyo kwenye karatasi hailingani tena na iliyo kwenye chuma.

Injini ya kawaida ya magari hayo hadi mwaka 1953 ilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, zenye ujazo wa inchi za mchemraba 216, yaani takriban lita 3.5, na nguvu ya farasi 90 hivi. Namna inavyojilainisha huwashangaza mafundi waliozoea injini za siku hizi, kwa sababu pampu ya oili husukuma mafuta kwa kanieneo ndogo hadi kwenye beringi kuu, wakati mikono ya pistoni ina vijiko vidogo vinavyochota oili kutoka kwenye mabirika yaliyo chini yake kila shafti inapozunguka. Beringi za mikono hiyo si vipande vya kununua dukani na kubadilisha, bali ni madini laini yaitwayo babiti, mchanganyiko wenye bati jeupe, antimoni na shaba, yaliyomiminwa yakiwa yameyeyuka na kuchongwa; zikilegea, fundi hutoa vijikaratasi vya chuma vilivyowekwa katikati ya maungio, na nafasi hurudi kuwa ndogo. Mmiliki mpya akiona mshale wa oili umesimama karibu na nusu ya kipimo kinachoishia 30 hudhani injini inakufa, kumbe ndivyo ilivyoundwa. Hatari ya kweli ni kuikimbiza kwa mwendo wa juu kwa muda mrefu au kuwekea oili nzito isiyofika kwenye vijiko wakati wa baridi. Mwaka 1954 injini ya inchi 235, yenye oili inayosukumwa kila mahali na beringi za kubadilishika, ilichukua nafasi yake, na wengi wanaotaka kuendesha mara kwa mara huifunga katika magari ya miaka ya nyuma bila kubadili sura ya gari.

Umeme wake ni wa volti 6, nao umesingiziwa maovu mengi. Nguvu ileile ya umeme ikipitishwa kwa nusu ya volti huhitaji mkondo mara mbili, na mkondo mkubwa hutaka waya mnene na maungio safi. Mtu anapofunga kebo nyembamba za gari la volti 12, au anapopaka rangi mpya fremu yote bila kukwangua mahali pa kufungia waya wa ardhi, stata huzunguka kwa uvivu na lawama hutupiwa mfumo mzima. Kabla ya kuamua kuhamia volti 12 inafaa kubadilisha kebo na kusugua maungio, gharama ambayo haifiki sehemu ya kumi ya usumbufu wa kubadili taa, saa za dashibodi, koili na jenereta.

Breki haziruhusu huruma ya namna hiyo. Zote nne ni za ngoma, zinazofanya kazi kwa viatu vinavyopanuka ndani ya duara la chuma, na zinategemea silinda kuu moja yenye chumba kimoja, iliyofichwa chini ya sakafu, ambayo ikivuja mahali popote gari hukosa breki za mbele na za nyuma kwa pamoja. Silinda zenye vyumba viwili zilienea katika magari ya Marekani kuanzia mwaka 1967. Mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewa, na unyevu huo hula silinda kwa ndani gari likiwa limesimama, hivyo pikapu iliyolala ghalani miaka 20 ikiwa na kanyagio linaloonekana imara haina breki za kuaminiwa hata kuvuka kijiji. Tena viatu vya zamani vilikuwa na asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake husababisha saratani, kwa hiyo ngoma hazipulizwi kwa hewa bali husafishwa zikiwa zimeloweshwa.

Linabaki bati, na hapa ndipo kazi hupimwa kwa miaka. Chuma hupata kutu kinapokutana na maji na oksijeni, na chumvi huharakisha mchakato huo, ndiyo maana pikapu za majimbo ya kaskazini, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, huoza upesi kuliko zile za Arizona au New Mexico, ambazo nazo huunguzwa na jua hadi mipira, kiti na rangi kugeuka unga. Katika Advance-Design kutu huanzia mahali penye mabati mawili yaliyobebana na kushika matope: pembe za nyuma za kibanda, sakafu upande wa dereva, chini ya milango na kwenye vikalio vinavyounganisha kibanda na fremu. Kwa nje huenda kila kitu kikaonekana laini kwa sababu ya puti, na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hufichua siri hiyo papo hapo, kwani hainati penye puti nene.

Fundi bodi anayejua kazi hakati sakafu iliyooza kabla ya kuchomelea vyuma vya kushikilia upana wa mlango, kwa kuwa kibanda kilichopoteza sakafu hujipinda kwa uzito wake chenyewe, na mlango uliofunga vizuri kwa nusu karne hautafunga tena. Vivyo hivyo kusafisha kwa kupuliza mchanga kunafaa fremu nene na magurudumu, lakini juu ya paa na milango bati jembamba huvimba na kujikunja kiasi cha kutonyooka, na kwa sehemu hizo ni afadhali dawa, msasa na subira. Vipuri vidogo vilivyoshikwa na kutu hulowekwa katika molasi iliyochanganywa na maji kwa wiki kadhaa, njia ya bei nafuu inayonuka vibaya lakini isiyogusa chuma kizima kwa ukali.

Swali la gari lirudishwe hadi wapi huzua ubishi mwingi kuliko la injini. Pikapu nyingi zinazoshinda vikombe katika maonyesho zina rangi inayong'aa kama kioo, kromu kila mahali, na sakafu ya mbao za mwaloni iliyopakwa vanishi, ilhali kiwandani ziliuzwa kwa rangi ya kawaida, mara nyingi kijani iliyokoza, mbao za sakafu hazikung'arishwa, na wakati wa Vita vya Korea kromu ilipoadimika hata wavu wa mbele ulipakwa rangi tu. Uzuri huo hauna kosa, ila si urejeshaji, kwa sababu unarudisha hali ambayo haikuwahi kuwepo. Wengine huacha rangi iliyochakaa kama ilivyo, pamoja na jina la duka lililofifia mlangoni, wakaifunika kwa kinga isiyo na rangi. Njia hii ina uaminifu wake, mpaka pale inapogeuzwa biashara na watu kuanza kuchora kutu bandia juu ya bati zima. Kundi la tatu huhifadhi sura na kubadili kila kilicho chini yake, wakifunga injini ya V8, breki za diski na usukani mwepesi. Kwa atakayesafiri mbali uamuzi huo unaeleweka, mradi breki zitangulie injini, jambo ambalo wengi hulifanya kinyume.

Petroli nayo imebadilika. Injini za enzi hizo zilitumia mafuta yaliyotiwa risasi, kemikali iliyogunduliwa mwaka 1921 kuwa inazuia injini kugonga na ambayo pia ililinda viti vya valvu visichakae. Marekani iliipiga marufuku kwa magari ya barabarani mwaka 1996, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikaiacha kufikia mwaka 2006, na mwaka 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi lilitangaza kwamba haiuzwi tena popote kwa magari. Kwa Chevrolet ya inchi 216, yenye mgandamizo mdogo na mwendo wa taratibu, hasara yake ni ndogo kuliko inavyoogopwa. Kinachosumbua zaidi ni ethanoli inayochanganywa katika petroli ya leo, kwani huyeyusha mipira ya zamani ya kabureta na pampu, hivyo mipira hiyo hubadilishwa mapema, kabla petroli haijaanza kuvuja juu ya injini yenye moto.

Gari likishakamilika hudai matunzo ambayo madereva wa leo wameyasahau: nipeli za grisi katika maungio ya usukani na springi hujazwa kila maili 1,000 hivi, nafasi za valvu hupimwa, na platini, yaani ncha mbili zinazokata umeme ili plagi zitoe cheche, husafishwa na kurekebishwa. Hata hivyo halitakuwa gari la barabara kuu, kwa maana difu ya 3100 ina uwiano wa 4.11 kwa 1, hivyo injini huzunguka mara nyingi kwa kila mzunguko wa gurudumu, na kupita kilomita 80 kwa saa huanza kusikika kama malalamiko. Uwiano huo uliwekwa kwa ajili ya kutoka shambani na mzigo, wala haubadilishwi kirahisi, kwa kuwa hadi mwaka 1954 shafti ya nyuma ilizungukia ndani ya bomba lililofungwa moja kwa moja kati ya giaboksi na difu. Anayetaka mwendo zaidi hulazimika kubadilisha ekseli, shafti na giaboksi kwa pamoja, na wengi wakishapiga hesabu hiyo huchagua barabara za vijijini.