Ganzi ya Meno: Visababishi, Utambuzi na Tiba

Ganzi ya meno ni maumivu makali na mafupi yanayozuka dentini iliyo wazi inapoguswa na baridi, joto, hewa, utamu, uchachu au mswaki. Katika Kiswahili neno ganzi hubeba maana mbili zinazokinzana: mgonjwa ambaye meno yake yameingia ganzi hulalamikia hisia iliyozidi, ilhali sindano ya ganzi huondoa hisia. Tabibu, basi, hana budi kuuliza mgonjwa anahisi nini hasa.

Dentini, tabaka lililo chini ya enameli, ina vijineli vyembamba vyenye majimaji vinavyoelekea kwenye kiini cha jino. Kwa mujibu wa nadharia ya mwendo wa majimaji, iliyoendelezwa na Martin Brännström katika miaka ya 1960, kichocheo husogeza majimaji hayo, na msogeo huo huamsha neva.

Dentini hufunuka kwa njia kuu mbili. Kwanza, ufizi hushuka na kuacha mzizi wazi, ama kwa ugonjwa wa fizi ama kwa kupiga mswaki kwa nguvu. Pili, enameli hulika kwa kusaga meno usingizini, au kwa asidi ya ndimu, ukwaju, soda na matapishi ya mara kwa mara.

Utambuzi hutegemea muda wa maumivu. Maumivu ya ganzi hukoma punde kichocheo kinapoondolewa. Yakidumu, yakija yenyewe au yakimwamsha mgonjwa usiku, huashiria uvimbe wa kiini, ambao aghalabu hutokana na jino kutoboka au kupata ufa. Kumpa mgonjwa huyo dawa ya meno ya ganzi pekee ni kuchelewesha tiba, na ucheleweshaji huo waweza kumgharimu jino.

Ganzi ikithibitika, tiba huanza na hatua nyepesi. Nitrati ya potasiamu ya asilimia 5 katika dawa ya meno hutuliza neva. Floridi ya stanasi, arginini na vanishi ya floridi huziba vijineli. Nafuu huhitaji matumizi ya kila siku kwa wiki kadhaa. Isipopatikana, dentini hufunikwa kwa resini. Kutibu mzizi ni hatua ya mwisho. Hata hivyo, bila mswaki laini, mkono mwepesi na kupunguza vitu vichachu, dentini itaendelea kufunuka na ganzi itarejea.