Mpango Mkakati na Uchangishaji wa Fedha katika Mashirika ya Kijamii

Dhana ya kuchanga si ngeni kwa Wakenya. Tangu mwaka 1963, Jomo Kenyatta alipoifanya harambee kuwa mwito wa taifa, wananchi wamejenga shule na zahanati kwa mikono na mifuko yao. Hata hivyo, historia hiyo ina funzo kwa viongozi wa mashirika yasiyolenga faida. Katika miaka ya 1960 na 1970 shule nyingi za harambee zilisimama, lakini baadhi zikakosa walimu, vitabu na maabara. Fedha za kujenga zilipatikana. Za kuendesha hazikuwa zimefikiriwa.

Hapo ndipo umuhimu wa mpango mkakati unapodhihirika. Mpango huu hujibu maswali manne: shirika lipo kwa ajili ya nani, linataka kufika wapi, litapitia njia gani, na litajuaje kuwa limefika. Majibu yakishapatikana ndipo bajeti hutayarishwa, nayo bajeti ndiyo huonyesha kiasi cha kutafutwa. Shirika likigeuza utaratibu huu, hujikuta likifuata matakwa ya mfadhili: leo maji, kesho mazingira, na hakuna kinachokamilika.

Suala la pili ni vyanzo vya fedha. Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, mashirika mengi ya Kenya yaliyoitegemea yalisitisha huduma na kuwaachisha watu kazi. Kinyume chake, kampeni ya Kenyans for Kenya ya mwaka 2011, iliyokabili njaa, ilivuka lengo lake la shilingi milioni 500 kwa kuunganisha kampuni kubwa na wananchi waliotuma pesa kidogo kidogo kwa simu. Haba na haba hujaza kibaba.

Suala la tatu ni uwajibikaji. Anayechanga leo atachanga tena iwapo ataelezwa mchango wake ulifanya nini. Aghalabu mpango mkakati na taarifa za hesabu huandikwa kwa Kiingereza ili zisomwe na mfadhili, ilhali mwanakijiji anayetajwa humo hawezi kuzihoji. Kuziandika kwa Kiswahili si pambo. Ni kumrejeshea mlengwa haki ya kuuliza, na hiyo ni kazi inayowasubiri wanafunzi wa lugha hii.