Ganzi ya Kidole cha Mwisho

Hedaru ni mji wa njiani. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha huupitia chini ya milima ya Upare, na madereva wa malori huufikia wakiwa wameegemeza kiwiko dirishani kwa saa nyingi. Usiku hulala mkono umekunjwa chini ya kichwa. Alfajiri kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete huwa vimekufa ganzi, na mwenye mkono huanza kuhofia kupooza.

Mara nyingi si kupooza. Neva ya alna hupita nyuma ya mfupa wa upande wa ndani wa kiwiko, karibu sana na ngozi. Ndiyo inayomshtua mtu kama aliyeguswa na umeme anapojigonga hapo. Kiwiko kikikunjwa, neva huvutwa na njia yake husongeka.

Kisu si cha kukimbiliwa. Katika utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2009, wagonjwa wenye hali nyepesi au ya kati waligawanywa: baadhi walivaa banzi usiku, baadhi walifanya mazoezi ya neva, na wengine walipewa maelezo tu. Baada ya miezi 6, wagonjwa 51 kati ya 57 waliofuatiliwa walikuwa na nafuu, na hakuna kundi lililoyapita mengine. Hii ni habari kubwa kwa zahanati isiyo na mtaalamu wa fiziotherapia: maelezo mazuri ni tiba. Kiwiko kisiegemezwe, simu isishikwe sikioni kwa muda mrefu, taulo lizungushwe kiwikoni usiku, bila kukazwa, ili mkono usikunjike. Nafuu huja kwa wiki na miezi.

Hata hivyo, mhudumu apapase neva na kukagua ngozi. Neva iliyonenepa, pamoja na baka lisilohisi mguso, huashiria ukoma, ambao mara nyingi hushambulia neva hii hii na haujaisha nchini. Huyo anahitaji dawa mseto, zitolewazo bure, wala si taulo. Na mgonjwa ambaye misuli kati ya kidole gumba na cha shahada imeanza kubonyea, au asiyeweza kubana karatasi kati ya vidole hivyo bila kukunja ncha ya gumba, asiambiwe asubiri. Apewe rufaa mapema, hata kama ni hadi KCMC mjini Moshi, kwani misuli iliyokwisha kunyauka hairudi kwa urahisi hata baada ya upasuaji.