Mafuta ya Transfo: Maziwa Si Dawa, Wala Si Fidia

"Docta, ninywe maziwa kiasi gani?" Swali hili naulizwa na mafundi umeme, na vijana wanaochomelea vyuma, na akina mama wanaonunua vyuma chakavu, hapa Nyalukemba mjini Bukavu, kuanzia Nguba hadi Muhumba. Nimechoka kulijibu kwa mmoja mmoja. Anayeuliza huwa amefungua transfo ya zamani, mafuta yamemmwagikia mikononi hadi viwiko, kichwa kinamgonga, na patron wake amempa pakiti ya maziwa akamwambia aende nyumbani akapumzike. Jibu langu ni kwamba hakuna kiasi. Maziwa hayatoi mwilini sumu ya PCB, iwe ni glasi moja au ndoo nzima. Swali la kuuliza ni hili: transfo hiyo ni mali ya nani, na ni nani aliyekupa kazi ya kuifungua bila kukuambia kilichomo?

Somo la kemia sitalirudia hapa. Itoshe kusema kwamba PCB ni familia ya kemikali zilizotiwa kwenye transfo na kondensa kwa miaka mingi kwa sababu hazishiki moto upesi, kwamba Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979, na kwamba mwaka 2013 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilizipandisha daraja la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Transfo ikitunzwa huishi miaka 40 na zaidi. Mji ambao umeme wake ulianza kujengwa enzi za Wabelgiji hauwezi kudhani kwamba jambo hili ni la watu wengine.

Sasa maziwa, maana tusipoyamaliza hayo hakuna kesi itakayofika mahakamani. PCB haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Ikigusa ngozi hupenya. Ikipata joto, mvuke wake huingia mapafuni. Ikishafika kwenye damu hutafuta mafuta ya mwili na kutulia humo, na aina zake nyingine huchukua miaka 10 au zaidi kupungua kufikia nusu. Maziwa uliyokunywa yanapita tumboni na kwenda zake. Hayaingii kwenye mafuta ya mwili kuifuata sumu na kuirudisha nje. Na kama sumu yenyewe iko tumboni, kwa mfano umekula ugali kwa vidole ambavyo havijaoshwa, maziwa yanaweza kuharibu zaidi: kitu kinachoyeyuka kwenye mafuta hufyonzwa vizuri zaidi na utumbo kikiingia pamoja na mafuta. Wanaosema mawese ni bora kuliko maziwa wanaongeza mafuta juu ya mafuta.

Iko njia moja tu ambayo mwili hutoa PCB kwa wingi, nayo ni maziwa ya mama anayenyonyesha. Zikitoka kwake zinaingia kwa mtoto. Sisemi hivi ili mama yeyote aache kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani linashauri aendelee, nami nasema aendelee. Nasema hivi ili baba arudipo kutoka kazini, ovaroli yake isiingizwe kwenye beseni moja na nepi.

"Lakini fulani alikunywa, akapona." Alipona nini? Maumivu ya kichwa yanayoletwa na mvuke hupungua mtu akitoka nje penye hewa safi, maziwa yawepo au yasiwepo. Madhara yenyewe huja polepole. Chunusi nzito mashavuni na nyuma ya masikio huweza kutokea baada ya wiki kadhaa, na matatizo ya ini au saratani baada ya miaka, wakati hakuna tena anayekumbuka siku ile ya transfo. Japani walilijua hili kwa uchungu. Mwaka 1968 PCB iliyotumika kupashia joto mitambo ya kampuni ya Kanemi ilivuja ikaingia kwenye mafuta ya kupikia ya pumba za mchele, na watu wapatao 14,000 wakajitokeza kusema wameumia. Madaktari wakajaribu kuwafungisha kula, wakajaribu dawa za kunasa mafuta tumboni, wakajaribu nyuzinyuzi za pumba. Tiba ya kuifukuza sumu yote haikupatikana, na zaidi ya miaka 50 baadaye bado ilikuwa ikipimwa kwenye damu ya wagonjwa. Maziwa yangekuwa dawa, nchi yenye maziwa, fedha na hospitali kama Japani ingemaliza jambo hilo mwaka uleule.

Kinachonikasirisha kuliko ujinga wenyewe ni kazi ambayo ujinga huo unafanya. Pakiti ya maziwa imekuwa malipo. Wapo mapatron wanaonunua katoni moja badala ya glavu, barakoa na kipimo cha mafuta, kisha wanaandika kwenye daftari kwamba mfanyakazi amehudumiwa. Naye mfanyakazi, kwa kuwa anaamini ameshatibiwa, anaosha mikono na hadai chochote. Siku akiumwa hana sampuli, hana picha, hana hata namba ya transfo. Hakimu atamsaidiaje?

Hapo ndipo kesi zinapofia, si kwenye sheria. Sheria ipo. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira salama. Cha 54 kinatoa haki ya fidia kwa uchafuzi unaotokana na shughuli za kiuchumi. Cha 55 kinasema kuhifadhi, kufukia au kumwaga taka zenye sumu kwenye maji ya nchi ni jinai, zitoke nje au ziwe za hapahapa. Kuna sheria ya mazingira ya Julai 2011. Kuna Sheria ya Raia ya tangu 1888, ambayo kifungu chake cha 260 kinambebesha mtu madhara yanayoletwa na kitu kilicho chini ya ulinzi wake. Transfo ni kitu, na mwenye kuilinda anajulikana. Wanaoniambia kampuni haina mwili wa kufungwa jela wakumbuke kwamba wakurugenzi wanayo miili, na kampuni ina mali ya kulipia fidia.

Tena haya yameshafanyika. Kampuni ya Ward Transformer ya Raleigh, North Carolina, ilikuwa ikikarabati na kuuza transfo zilizotumika, ikabaki na mafuta yenye PCB ambayo kuyateketeza kihalali ni ghali. Mwaka 1978 lori likapita usiku likiyamwaga kandokando ya barabara katika wilaya 14, zaidi ya lita 100,000. Mwendesha mashtaka hakuishia kwa wenye lori: mwenye kampuni naye alitiwa hatiani, na mwaka 1982 mahakama ya rufaa ikathibitisha hukumu. Kosa lilikuwa kumwaga, kwa hiyo halikuhitaji mgonjwa hata mmoja wa kuonyeshwa hakimu. Karibu nasi zaidi kuna Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Mwanaharakati Phyllis Omido na wakazi hao walishtaki, wakapewa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020, wakapoteza sehemu kubwa ya ushindi kwenye rufaa mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia. Waliobebeshwa mzigo si kampuni peke yake. Mamlaka za serikali zilizofumba macho zilikuwemo.

Basi fanya hivi, na ufanye haraka. Kwanza kibati: kila transfo ina bamba dogo la chuma lenye jina la mtengenezaji, mwaka, namba, aina ya kimiminika na uzito wake. Lifute vumbi ukiwa umevaa glavu, lipige picha, hasa ukiona Askarel, Pyralène, Clophen au Aroclor. Usipoona majina hayo usishangilie, kwa maana pampu moja ikitumika kwenye transfo mbili huhamisha sumu: kikomo cha mkataba wa Stockholm ni miligramu 50 kwa kilo, maana yake gramu 50, kama vijiko viwili vya supu, zinatosha kuichafua tani nzima. Rangi na harufu hazikuambii kitu. Ni maabara tu. Transfo yenye umeme usiiguse kabisa. Sampuli ichukuliwe na fundi mbele ya mashahidi, kwenye chupa ya kioo, na iandikiwe ripoti na afisa wa polisi ya mahakama au wa mazingira. Ngozi ioshwe kwa sabuni na maji mengi, kamwe si kwa petroli. Mafuta hayachomwi, hayatiwi kwenye mashine za kuchomelea, hayakaangiwi chochote, hayamwagwi kwenye mfereji unaoshuka ziwani kwenye samaki wa sambaza tunaowala. Daktari akuandikie cheti chenye tarehe. Halafu mwone avoka mchague njia: kuna malalamiko kwa mwendesha mashtaka, kuna kumwita mshtakiwa moja kwa moja mbele ya hakimu wa jinai, kuna madai ya fidia peke yake. Wakaazi wa mtaa mmoja washtaki pamoja.

Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, mahakama za Jamhuri hapa hazifanyi kazi kama zamani. Hiyo ni sababu ya kutunza ushahidi, si ya kuutupa. Mashtaka ya jinai huisha muda mapema, lakini madai ya fidia chini ya Sheria ya Raia yana miaka 30. Na patron akikuletea karatasi inayosema umepokea maziwa na huna dai lingine, usitie saini.