Songo Mnara: Mji Uliouachia Moyo Wake Nafasi

Mji wa mawe wa Songo Mnara, kusini ya Kilwa Kisiwani, ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 16. Umri wake ulikuwa mfupi, na kwa sababu hiyo magofu yake yanadhihirisha jambo linalofichika katika miji iliyojengwa tabaka juu ya tabaka: nia ya waliouasisi.

Ndani ya ukuta mna misikiti, jumba kubwa na nyumba za matumbawe zaidi ya thelathini. Lakini ardhi ya katikati, ambayo leo tungeiita ya thamani kuliko zote, haikujazwa majumba. Iliachwa uwanda, wenye msikiti mdogo na makaburi. Wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, waliochimba huko tangu mwaka 2009, wameonyesha kwamba uwazi ule ulikusudiwa. Na kazi je? Vimepatikana vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa kati, vya kusokotea pamba. Uzi ulisokotwa majumbani, si mbali na mihrabu. Kiwanda na uwanda, maneno yanayosikika kama ndugu, huko yalikuwa majirani.

Ndugu msomaji, ng'ambo ya maji mji mwingine unapangwa. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Gesi ya Songo Songo (kisiwa kingine, wengi hukichanganya na Songo Mnara) inapelekwa Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Bandari huvuta maghala, viwanda vya barafu na wageni wenye fedha. Heri hiyo hatuikatai. Vijana wa Kilwa wanahitaji ajira. Ila bei ya kiwanja ikipanda, cha kwanza kumezwa huwa kile kisicho na hati mkononi mwa mtu: diko la mitumbwi midogo, uwanja wa swala ya Idi, makaburi ya wazee.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wenye ardhi na wadau waitwe mkutanoni mpango unapoandaliwa. Kamati za misikiti ni wadau, na ardhi ya wakfu iorodheshwe mapema, kabla mpimaji hajafika. Akina mama wauza samaki nao ni wadau, ijapokuwa mikutano mingi huitwa saa wanapokuwa dikoni. Tangazo likitoka, lisisubiri ubao wa ofisi. Lisomwe Ijumaa baada ya swala, na saa itajwe.